Kuvu inayorudi kila masika: tafuteni maji kabla ya kununua dawa

Swali la msomaji: Tunaishi Tanga, katika nyumba ya matofali ya saruji tuliyoijenga wenyewe na kuhamia mwaka 2019. Kila masika ukuta wa chumba cha watoto, nyuma ya kabati la nguo, unaota kuvu nyeusi. Tunaifuta kwa jiki na kupaka rangi upya, lakini masika yanayofuata inarudi palepale. Upande wa pili wa ukuta huo ni chumba chetu cha masta, ambacho kina kiyoyozi. Sebuleni, sehemu ya chini ya ukuta wa nje inachubuka rangi na kutoa unga mweupe, na fundi anataka kuibandika vigae hadi usawa wa kiuno. Stoo nayo ina harufu ya uvundo, na humo tunaweka magunia ya mahindi. Mtoto wetu wa pili ana pumu. Tena mama mkwe wangu anaishi Pangani katika nyumba ya mawe ya zamani ambayo kuta zake zinafanya kuvu, na ameshauriwa aipige plasta ya saruji ndani na nje. Ninunue dawa gani ya kuvu, na je, tuwafuate mafundi hawa?

Jibu: Ndugu msomaji, kabla ya jambo lolote nakuomba uwasimamishe mafundi wote wawili, wa vigae na wa plasta, kwa sababu kazi wanazopendekeza zitaificha hali kwa muda na kisha kuizidisha. Kuhusu dawa, hakuna ya dukani itakayokumalizia tatizo hili, kwa kuwa kuta hizo zinapata maji kwa njia tofauti, na ule wa sebuleni, kwa jinsi ulivyoueleza, yamkini hauna kuvu kabisa. Mkishajua kila ukuta unapata maji yake wapi na kuyakata, kuvu iliyobaki itaondoka kwa sabuni, maji na brashi.

Vijimbegu vya kuvu vimo katika hewa ya kila nyumba, iwe safi au chafu, na hakuna namna ya kuvimaliza. Chakula chake hakikosekani pia, kwani hula vumbi, karatasi, mbao, ngozi, pamba, gundi na hata rangi ya ukutani, na joto la Tanga linaifaa mwaka mzima. Kinachobaki katika uwezo wetu ni maji peke yake. Hapo wengi hudanganyika, kwa sababu kuvu haingoji ukuta utiririke. Inatosha uso wa ukuta ubaki na unyevu wa karibu asilimia 80 kwa siku kadhaa mfululizo, hata kama mkono ukiupapasa hauoni maji. Vitabu vya nchi za baridi hushauri unyevu wa hewa ya ndani uwe chini ya asilimia 60. Ushauri huo ni mzuri, lakini katika nyumba ya pwani inayotegemea madirisha wazi, mwezi wa Aprili au Mei, haufikiki bila mashine za kukausha hewa na umeme mwingi. Tunachoweza sisi ni kuhakikisha kwamba hakuna ukuta ulio baridi kuliko hewa inayougusa, hakuna kona isiyopitiwa na hewa, na hakuna maji ya mvua, ya bomba au ya ardhini yanayoingia ukutani.

Nianze na chumba cha watoto, kwa kuwa ndiko aliko mgonjwa. Umeandika kwamba kuvu iko nyuma ya kabati na kwamba upande wa pili kuna kiyoyozi, na mambo hayo mawili yakikutana kwenye ukuta mmoja hunipa shaka kubwa. Jioni ya masika, hewa yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 hubeba takriban gramu 24 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo, na mvuke huo huanza kugeuka maji mara unapogusa kitu chenye joto la nyuzi 26 au chini ya hapo, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji inavyotoka jasho mezani. Sasa chukulia kwamba kiyoyozi chenu mmekiweka nyuzi 18, kama wengi wanavyofanya, na ukuta ni wa tofali la inchi sita. Ukuta ungekuwa wazi kwa upande wa watoto, uso wake ungekuwa na joto la karibu nyuzi 26, yaani mpakani kabisa. Lakini kabati lililojaa nguo linauzuia ukuta usipate joto la chumba, huku mvuke ukipenya bila shida katika uwazi mwembamba ulio nyuma yake, na kwa hesabu za kawaida za kihandisi uso wa ukuta hapo hushuka hadi karibu nyuzi 23. Kila usiku umande unatua, na mchana hakuna hewa ya kuukausha. Ukilisogeza kabati, natarajia utakuta kuvu imefuata umbo la kabati lenyewe, huku ukuta wa pembeni ukiwa safi au una madoa machache tu. Kwa hiyo rangi mpya mliyokuwa mkipaka kila mwaka haikuwa na kosa lolote, ila ilipakwa kwenye ukuta ambao usiku ungelowa tena.

Usinisadiki kwa maneno matupu, bali upime. Upanguse ukuta ukauke, kisha chukua kipande cha foili ya jikoni chenye ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi kwenye kingo zote nne bila kuacha mwanya, urudishe kabati mahali pake na uache siku moja au mbili mkitumia kiyoyozi kama kawaida yenu. Maji yakionekana juu ya foili, upande wa chumbani, yametoka hewani, na maelezo yangu ya hapo juu yamethibitika. Yakionekana nyuma ya foili, upande wa ukutani, basi yanatoka ndani ya ukuta, na nyumba nyingi zenye chumba cha masta huwa na bomba la bafu limepita hapo. Katika hali hiyo fungeni koki na bomba zote za ndani, hakikisheni tangi limejaa na halivuti maji, kisha mtazame mita kwa nusu saa; ikisogea, kuna bomba linalovuja, na fundi bomba ndiye wa kuitwa kwanza. Mtazame na dari pia. Doa la rangi ya chai lenye mviringo juu ya dari, linalokua baada ya mvua, ni la bati au msumari uliolegea, wala halihitaji uchunguzi zaidi ya kupanda juu na kuziba.

Kama ni umande, tiba yake haina gharama kubwa. Kabati lihamishwe kwenye ukuta mwingine wa ndani usiopakana na chumba chenye kiyoyozi, lisimame kwenye miguu au vipande vya mbao, na liachiwe nafasi ya upana wa kiganja nyuma yake. Kiyoyozi kiwekwe nyuzi 25 au 26 pamoja na feni. Wengi wanaona joto hilo haliwatoshi kwa siku mbili tatu za mwanzo, kisha mwili unazoea, na bili ya umeme inapungua pia. Nyuzi 26 peke yake haitatosha ikiwa kabati litabaki pale pale, kwa sababu ukuta uliozibwa bado utakuwa na unyevu wa kuilisha kuvu ingawa hautalowa, kwa hiyo yafanyeni yote mawili pamoja. Kabati la kujengewa ukutani, lisilohamishika, litobolewe matundu chini na juu ili hewa iingie kwa chini na kutokea juu.

Kuhusu madirisha nina maoni yanayokwenda kinyume na desturi ya wengi wetu. Kufungua nyumba alfajiri ni jambo jema wakati wa kaskazi, lakini katikati ya masika hewa ya alfajiri imeshiba mvuke na kuta ziko katika ubaridi wake wa chini kabisa, kwa hiyo mnauingiza unyevu pahali panapoupokea. Fungueni kuanzia saa nne za asubuhi hadi alasiri, jua au walau mwanga wa mchana ukishapasha kuta, na mfungue pande mbili zinazokabiliana ili hewa ipite badala ya kuzunguka chumbani. Vyavu vya mbu vioshwe, maana wavu ulioziba vumbi hupunguza upepo sana, na matundu ya hewa juu ya madirisha, ambayo katika nyumba nyingi yamezibwa kwa magazeti au maboksi kuzuia vumbi na mbu, yazibuliwe na kuwekewa wavu.

Nguo mbichi zisianikwe vyumbani. Ndoo kubwa ya nguo zilizokamuliwa kwa mkono hutoa lita mbili za maji au zaidi kabla ya kukauka, na maji hayo yote huishia hewani, kisha kwenye ukuta ulio baridi. Jikoni nako kuna maji ambayo watu hawayahesabu: kila kilo moja ya gesi ya kupikia inapoungua hutengeneza zaidi ya lita moja na nusu ya maji katika hali ya mvuke, mbali na mvuke unaotoka sufuriani. Dirisha la jikoni liwe wazi wakati wa kupika, na mlango wa kwenda koridoni ufungwe.

Sasa kuondoa kuvu yenyewe, na hapa nataka twende polepole, kwa sababu ndipo watu wanapojiumiza. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani hushauri kwamba eneo lisilozidi takriban mita moja ya mraba mwenye nyumba anaweza kulisafisha mwenyewe, na mimi nauona mpaka huo kuwa wa busara hata kwetu, ingawa hatuna kampuni nyingi za kazi hiyo. Likizidi hapo, tafuteni mtu wa pili wa kusaidia, mfanye kwa vipande, na asiwe mtu mwenye pumu au mjamzito. Siku hiyo watoto wote walale kwa jirani au kwa ndugu. Vaa glavu za mpira, miwani inayofunika macho pembeni, na barakoa ya aina ya N95. Barakoa za kitambaa hazizuii vijimbegu. Funga mlango wa chumba, fungua dirisha, zima feni. Usifagie wala usikwangue ukuta ukiwa mkavu, maana kuvu kavu ikiguswa humwaga vijimbegu hewani kwa wingi usioonekana, na vitatua kwenye magodoro na nguo za nyumba nzima.

Lowanisha kwanza. Tia sabuni ya unga au ya maji katika maji ya uvuguvugu, lowesha tambara, na ulikandamize juu ya kuvu bila kusugua hadi eneo lote lilowe. Kisha sugua kwa brashi ya nailoni kutoka pembeni kwenda katikati, ili usilitawanye doa, ukipangusa kila mara kwa tambara jingine na kulisuuza katika ndoo ya pili. Maji ya kusuuzia yakibadilika kuwa ya kijivu, yamwage chooni na uchote mengine. Kosa la kawaida ni kuendelea na ndoo ileile hadi mwisho, ambapo mtu anakuwa anaipaka kuvu ukuta mzima. Matambara yatupwe yakiwa yamefungwa ndani ya mfuko. Baada ya hapo ukuta ukaushwe kwa feni inayoelekea nje dirishani, siku hiyohiyo kama inawezekana, wala usizidi siku mbili, kwa kuwa kitu chochote kilicholowa kikikauka ndani ya saa 24 hadi 48, kwa kawaida kuvu haipati nafasi ya kuota.

Jiki ina mahali pake, lakini mahali hapo ni padogo kuliko watu wanavyodhani. Kwenye vigae, sinki, kioo na plastiki inafaa: kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo kumi vya maji baridi, iachwe dakika kumi, kisha isuuzwe. Kwenye plasta, mbao na jipsamu hali ni nyingine, kwa sababu hung'arisha uso na kuondoa rangi nyeusi huku maji yaliyochanganywa nayo yakizama ndani na kuilowesha mizizi ya kuvu, na kuvu iliyokufa bila kuondolewa bado inaweza kumletea mzio mtu mwenye pumu. Siki, ambayo wengi hushauriwa kuitumia, ni dhaifu zaidi juu ya kuta zetu, kwani ni tindikali na hupoteza nguvu mara inapokutana na chokaa au saruji. Na naomba hili lisomwe na kila mtu nyumbani kwako, pamoja na dada wa kazi: jiki isichanganywe kamwe na siki, na tindikali ya kusafishia choo, wala na sabuni yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu ambayo imewapeleka watu hospitali wakiwa ndani ya bafu dogo, na mtoto mwenye pumu hahitaji hata kuwa chumba kimoja nayo ili adhurike.

Vitu vilivyo karibu na ukuta huo vinahitaji uamuzi. Nguo, mapazia na mashuka zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani hadi zikauke kabisa. Viatu na mikoba ya ngozi ipanguswe kwa tambara lenye sabuni kidogo, ianikwe kivulini penye upepo. Ubao wa nyuma wa kabati, ikiwa ni wa mbao zilizosagwa na kugandishwa kwa gundi, na umevimba au una madoa yaliyoingia ndani, ung'olewe utupwe. Mbao ngumu kama mninga au mvule zinasuguliwa na kupona. Godoro lililoota kuvu litupwe bila huruma, hata kama ni jipya, kwa kuwa hakuna jua linalofika katikati yake. Dari ya jipsamu iliyolowa na kuota kuvu haisafishiki. Fundi aikate ile sehemu na kuweka nyingine, baada ya kuziba bati.

Kuhusu mtoto, Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2009 mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani, na hitimisho lake ni kwamba watu waishio katika nyumba za namna hiyo wanapata zaidi dalili za kifua, maambukizi ya njia ya hewa na pumu kuzidi. Katika mji wa Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili alifariki Desemba 2020, na Novemba 2022 mahakama ya uchunguzi wa vifo ikathibitisha kuwa sababu ilikuwa kuishi muda mrefu katika nyumba yenye kuvu ambayo wazazi wake walikuwa wameilalamikia. Sikutajii hilo ili usilale, kwani hali ya nyumba yenu haielekei kufikia hapo, bali ili usikubali kuambiwa kwamba ni uchafu tu wa ukutani. Rangi ya kuvu, iwe nyeusi, kijani au nyeupe, haikuambii ukali wake, na hakuna haja ya kuipeleka maabara. Iliyopo iondolewe, iwe ya aina yoyote. Mtoto apelekwe kwa daktari wake akaelezwe hali ya chumba, asipunguziwe dawa zake za pumu eti kwa kuwa ukuta umesafishwa, na alale chumba kingine hadi ukuta ukauke.

Ukuta wa sebuleni ni habari nyingine. Unga mweupe unaochubua rangi chini ya ukuta wa nje kwa kawaida ni chumvi. Kwangua kidogo uweke ndani ya glasi ya maji: ukiyeyuka ni chumvi, ukielea kama nyuzinyuzi ni kuvu. Maji ya ardhini hupanda ndani ya tofali, yakifika usoni yanakauka na kuiacha chumvi iliyokuwa ndani yake, ambayo inapoganda huvimba na kuisukuma rangi na plasta. Katika miji ya pwani kuna sababu ya ziada ambayo naona haisemwi vya kutosha, nayo ni mchanga wa baharini uliotumika kwenye tofali au plasta bila kuoshwa. Chumvi ya bahari huvuta maji kutoka hewani unyevu unapozidi asilimia 75 hivi, na kwetu hilo hutokea usiku wa karibu kila siku ya masika, kwa hiyo ukuta wenye chumvi hiyo utalowa hata kama ardhi chini yake ni kavu.

Vigae vya fundi wako vitafanya nini hapo? Maji yanayotokea sasa kwenye usawa wa goti hayatapata pa kutokea, yataendelea kupanda nyuma ya vigae, na baada ya misimu michache mtauona unga uleule juu ya kiuno, huku vigae vikianza kulia mtupu vikigongwa. Badala yake tokeni nje mtazame. Mara nyingi utakuta kifusi, bustani au zege la uani limeinuliwa hadi juu ya usawa wa sakafu ya ndani, au maji ya bati yanaangukia ukutani kwa kukosa gata, au tangi linamwagikia hapo. Ardhi ya nje ishushwe iwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu na iwe na mteremko wa kuyapeleka maji mbali, na gata ziwekwe. Kisha, msimu wa kiangazi, plasta iliyooza ibanduliwe hadi nusu mita juu ya mstari wa chumvi, ukuta uachwe wazi wiki nyingi kadiri mnavyoweza kuvumilia, na chumvi inayojitokeza ifagiliwe ikiwa kavu na kutolewa nje. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Plasta mpya iwe ya mchanga wa mtoni wenye chokaa ndani yake, na rangi ya mafuta isipakwe. Mkijenga tena siku nyingine, simamieni wenyewe tabaka la kuzuia maji juu ya msingi na nailoni nzito chini ya jamvi, kwani ni vitu vya bei ndogo ambavyo baadaye haviwekeki.

Stoo itapata nafuu kwa tundu la hewa na kwa kuinua magunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Lakini mahindi yaliyokwisha kuota kuvu yasioshwe, yasianikwe upya wala yasichanganywe na mazuri, na kuku wasipewe. Kuvu ya nafaka hutoa sumukuvu isiyoondoka kwa kupika, na mwaka 2004 mashariki mwa Kenya mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliugulisha watu 317, ambao 125 kati yao walifariki.

Nimalizie na nyumba ya Pangani, ambayo kusema kweli ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi, kwa sababu kosa likifanyika huko si rahisi kulirudisha nyuma. Nyumba za mawe za pwani yetu, za Pangani, Bagamoyo, Unguja, Mombasa na Lamu, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, unene wa nusu mita hivi, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko zilizochomekwa ndani ya kuta. Ukuta wa namna hiyo haukukusudiwa kuzuia maji kwa ugumu. Unayapokea mvua ikinyesha na kuyaachia jua likitoka, na chokaa ndiyo inayoyaruhusu kupita. Chokaa mbichi ina ukali ambao kuvu haiupendi, na ndiyo sababu wazee walizipaka nyumba zao chokaa upya karibu kila mwaka. Plasta ya saruji ni ngumu na haiachii maji kwa kiasi hicho. Ukuta wa mawe husogea kidogo kwa joto na baridi, saruji inapasuka nyufa nyembamba, mvua inaingia kupitia nyufa hizo na haitoki tena. Ndani ukuta unabaki umelowa mwaka mzima, kuvu inaota kwenye uso wa chumbani, na vichwa vya boriti vinaoza mahali ambapo macho hayafiki, mpaka siku dari inapolegea. Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, na Lamu, iliyofuata mwaka 2001, bado ina mafundi wanaoijua kazi ya chokaa, na nafuu familia ilipe nauli ya fundi mmoja wa huko kuliko kununua mifuko ya saruji.

Afanyiwe hivi. Kwanza paa na mifereji, kisha mimea iliyoota kwenye nyufa ing'olewe na mizizi yake. Viraka vya saruji vya zamani vibanduliwe taratibu kwa tindo, na rangi ya plastiki iliyopo ndani ikwanguliwe ukuta ukiwa umelowanishwa. Plasta iwe ya chokaa iliyozimwa, yaani iliyotiwa maji baada ya kuchomwa, na kulowekwa wiki kadhaa, kipimo kimoja kwa vipimo vitatu vya mchanga wa mtoni ulioosheka, ipigwe katika matabaka membamba badala ya moja nene. Anayezima chokaa avae miwani na glavu, kwani huchemka na ikimrukia mtu jichoni inaweza kumpofusha. Kuipaka chokaa kama rangi juu ya plasta hiyo nako kuna namna yake: ukuta unyunyiziwe maji kwanza, chokaa iwe nyepesi kiasi kwamba ikiwa mbichi ukuta unaonekana chini yake, na ipakwe mara nne au tano, kila mkono ukauke kabla ya mwingine. Weupe hujitokeza wenyewe inapokauka. Mpakaji asiyejua huizidisha uzito ili apake mara moja tu, na baada ya mwezi inatoka vumbi mkononi.

Kubandua kuanze Januari, wakati wa kaskazi, ili ukuta upate kukauka kabla ya masika. Plasta mpya isipigwe jua kali. Ifunikwe kwa magunia mabichi na kunyunyiziwa maji asubuhi na jioni kwa muda wa wiki moja, kwa sababu chokaa huwa ngumu kwa kuvuta hewa polepole, na ikikauka haraka hupukutika.